Sentimita Tano za Maji

Nilimsikia mtoto kabla sijamwona. Ilikuwa zamu ya usiku, saa nane na ushee, mvua ndiyo kwanza imekatika, nami nilikuwa nimeinama kwenye meza ya dawa nikihesabu sindano wakati bibi mmoja alipoingia wodini amembeba mjukuu ndani ya kanga mbili, mama wa mtoto akimfuata nyuma na kadi ya kliniki mkononi. Sauti iliyotoka ndani ya zile kanga haikuwa kilio. Ilikuwa mguno mfupi uliokuja mwishoni mwa kila pumzi, kama wa mtu mzima anayejitwisha gunia.

"Shikamoo, bibi," nilisema huku nikinyoosha mikono kumpokea.

"Marahaba, mwanangu. Anaguna hivi tangu magharibi. Mimi nasema ni kimeo, mama yake hataki kusikia."

Mtoto alikuwa na umri wa miezi mitatu na uzito wa kilo 5. Nilipomfunua, mbavu zake za chini zilikuwa zinabonyea ndani kila alipovuta hewa, matundu ya pua yanatanuka, na kichwa kinaitikia kila pumzi kana kwamba kuna mtu anazungumza naye na yeye anakubali. Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima, si kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio mmoja, nikapata 72. Kipima oksijeni nilichokifunga kwenye dole gumba la mguu kilichezacheza kisha kikatulia kwenye asilimia 84. Mama alieleza kwamba mafua yalianza siku tatu nyuma, na kwamba aliyeyaleta nyumbani ni dada mtu, aliye darasa la pili. Tangu jioni mtoto alikuwa anashika titi, anavuta mara mbili, kisha analiachia ili apate kupumua.

Habari ya kimeo niimalize hapa hapa, maana bibi hakuwa anatania. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto akikohoa kwa muda mrefu hupelekwa kwa fundi akakatwe kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na mimi binafsi nimepokea watoto waliofika wodini wakiwa wanavuja damu kwa sababu hiyo. Kimeo hakina hatia. Mama yule, aliyesimama mbele ya mkwe wake na kukataa, alikuwa ameshafanya nusu ya kazi yangu kabla hajafika.

Alichokuwa nacho mtoto kinaitwa bronkiolitisi, na tatizo la kwanza la ugonjwa huu kwetu ni kwamba hauna jina la mtaani. Kila kinachobana kifua cha mtoto tunakiita nimonia au homa ya mapafu, na ndugu zetu wa Kenya wanakiita kichomi, na jina likishakuwa moja, tiba nayo inatarajiwa iwe moja, yaani sindano. Lakini nimonia ya bakteria hujaza majimaji na usaha katika vifuko vya mwisho vya mapafu, ilhali bronkiolitisi hushika mirija myembamba inayopeleka hewa kwenye vifuko hivyo. Virusi, mara nyingi vile vinavyojulikana kwa herufi za RSV, huua seli za ukuta wa ndani wa mirija. Seli zilizokufa huchanganyika na makamasi, ukuta huvimba, na njia ambayo tangu mwanzo ilikuwa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti hubaki kama tundu la sindano. Hesabu yake ni katili. Upana wa mrija ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, bali mara 16. Ndiyo maana virusi vilevile vilivyompa dada mtu mafua ya siku chache, akaendelea kwenda shule, vilimfanya mdogo wake agombanie kila pumzi.

Kuhusu dada mtu, mama hakuwa anakisia. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wamevifuatilia virusi hivi kwa zaidi ya miaka 20, walikwenda nyumba kwa nyumba wakichukua vipimo vya pua vya kila aliyemo, na wakaona kwamba wanaoviingiza nyumbani mara nyingi ni kaka na dada wanaosoma. Makadirio ya mwaka 2019 yanahusisha RSV na vifo zaidi ya 100,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano duniani, na zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Tofauti hiyo haitokani na virusi vyenyewe. Virusi vya Kilifi na vya London ni ndugu. Kinachotofautiana ni kile mtoto anachokikuta baada ya kufikishwa hospitali, kama anafikishwa.

Halafu linakuja jambo ambalo ni gumu kumweleza mzazi saa nane ya usiku: ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa. Salbutamoli, ambayo humfungua kifua mwenye pumu, haisaidii hapa, kwa kuwa njia haikubanwa na misuli bali imezibwa na uchafu na uvimbe. Dawa za jamii ya steroidi hazifupishi ugonjwa. Antibiotiki haziui virusi, na tunapozitoa ni kwa sababu wodini kwetu si rahisi kuhakikisha kwamba hakuna bakteria waliojificha, jambo ambalo nakiri linatupa wepesi wa kuziandika kuliko inavyostahili. Kwa kawaida ugonjwa huzidi kuwa mkali hadi siku ya tatu, ya nne au ya tano, kisha hulegea wenyewe. Kazi yetu ni kumvusha mtoto siku hizo: kumsafisha pua, kwa maana mtoto wa umri huo hutegemea pua kupumua, kumpa maziwa ya mama kidogo kidogo kwa mpira wa tumboni asipoweza kunyonya, kumpa oksijeni ikishuka chini ya 90, na kumsaidia kupumua akianza kuchoka. Wengi hawafiki kwenye hilo la mwisho. Huyu alikuwa amefika.

Mguno ule niliousikia mlangoni ulikuwa unanieleza. Mtoto anayeguna hivyo hufunga nusu njia ya koo kila anapotoa hewa, ili hewa isitoke yote, na kiasi kinachobaki ndani kizuie mirija na vifuko visigandane. Ukitaka kuelewa, chukua mfuko wa nailoni uliolowa (kama bado unao tangu marufuku ya mwaka 2019): kuta zake zikishagandana, kuzitenganisha kwa kupuliza ni kazi kubwa, lakini ukiacha hewa kidogo ndani hazigandani kabisa. Mtoto wa miezi mitatu hajafundishwa na mtu, ila mwili wake unalijua hilo. Mwaka 1968 madaktari wa Cape Town, Harrison, Heese na Klein, walichapisha uchunguzi wao juu ya vichanga wenye mapafu yasiyokomaa ambao nao huguna vivyo hivyo. Walipowapitishia mpira kooni, mguno ulikatika kwa sababu koo halikuweza tena kujifunga, na oksijeni katika damu ikashuka; mpira ulipoondolewa na mguno kurudi, oksijeni ilipanda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, George Gregory na wenzake wa San Francisco waliandika kwamba walikuwa wamewapa vichanga 20 wa namna hiyo shinikizo dogo la hewa lisilokatika, kazi ileile ya mguno ikifanywa na chombo, na 16 kati yao wakapona, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa unaua vichanga wengi.

Shinikizo hilo ndilo linaloitwa CPAP, na wauguzi wenzangu hutamka "sipapu" kama vile ni jina la mtu. Sifa yake kubwa ni kwamba halihitaji mpira wa kooni, dawa za usingizi, wala mashine ya kupumulia, vitu ambavyo katika hospitali ya wilaya aghalabu havipo, na vikiwepo hakuna wa kukesha navyo. Mtoto anaendelea kupumua mwenyewe. Sisi tunamzuia tu asipoteze hewa yote anapoitoa.

Namna ya mapovu ndiyo ninayoijua. Hewa yenye oksijeni, ikiwa imepashwa joto na kutiwa unyevu, huingia kwa mpira mmoja hadi kwenye vimirija viwili vifupi vinavyokaa puani. Upande wa pili wa vimirija hivyo kuna mpira mwingine wa kutolea hewa, na ncha yake huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Hapo ndipo penye ujanja wote. Ncha ikizama sentimita 5 chini ya uso wa maji, hewa haiwezi kutoka mpaka ishinde uzito wa sentimita hizo 5, kwa hiyo shinikizo katika mirija ya mtoto nalo linakuwa sentimita 5 za maji. Ukitaka 6, unauzamisha mpira kidogo zaidi. Ni fizikia ya sekondari, ile ambayo wengi wetu tulikariri kwa ajili ya mtihani tukaisahau siku ya pili, na rula yake ni kipande cha plasta kilichobandikwa ubavuni mwa chupa na kuandikwa kwa kalamu.

Usiku ule nilianza na oksijeni ya kawaida ya puani, lita moja kwa dakika. Baada ya nusu saa kipimo kilipanda hadi 89, lakini mguno haukukoma na pumzi zilifika 76. Tulizungumza na daktari wa zamu, tukaamua kutumia chupa. Nilichagua vimirija vinavyojaza tundu la pua bila kulisukuma, nikamvika mtoto kofia ya kufuma ili mipira ipate pa kufungwa, nikapitisha mpira mwembamba mdomoni hadi tumboni na kuuacha wazi, kisha nikafungulia hewa. Mapovu yalianza, yakachemka kama chungu kilichokolea moto, halafu yakanyamaza. Mapovu yakinyamaza, maana yake hewa inatorokea mahali. Nilipapasa viungo vya mpira kimoja kimoja, vyote vilikuwa vimekaza. Mama ndiye aliyeona: "Sista, mdomo uko wazi." Nikakunja kitambaa laini na kukiweka chini ya kidevu, mdomo ukafungika, na chupa ikaanza kusema tena.

Baada ya saa moja mguno ulikuwa umekwisha. Mbavu zilikuwa bado zinabonyea, ila si kwa kina kile, na kipimo kilikaa 95. Bibi, aliyekuwa ameegemea ukuta na tasbihi yake, aliuliza kwa nini mtoto amenyamaza, na kwa namna alivyouliza nilijua alidhani ni habari mbaya. Nikamweleza kwamba mtoto haguni tena kwa sababu ile chupa sasa inaguna kwa niaba yake.

Ningependa kuishia kwenye chupa inayotenda miujiza, lakini ningekuwa nadanganya. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika kituo kingine, niliwahi kumweka mtoto kwenye chombo kama hiki, nikayaona mapovu yanachemka vizuri, nikafurahi, nikaenda kumhudumia mwingine aliyekuwa na degedege. Niliporudi, tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma. Mpira wa tumboni nilikuwa nimeupitisha lakini nikausahau ukiwa umefungwa, hivyo hewa niliyokuwa naisukuma puani ilishuka tumboni pia, na tumbo lililojaa lilikuwa linayasukuma juu mapafu yaleyale niliyotaka kuyasaidia. Nilipoufungua, hewa ilitoka kwa mlio. Mtoto alipona, si kwa umahiri wangu. Katika muda wote huo mapovu hayakukoma hata mara moja. Mapovu hukuambia kwamba shinikizo lipo, lakini hayakuambii mtoto anaendeleaje.

Kwa sababu hiyo matokeo yanayogongana ya tafiti kubwa hayanishangazi. Huko Dhaka, Bangladesh, daktari Mohammod Jobayer Chisti na wenzake wa taasisi ya icddr,b, ambao walitengeneza chombo chao kwa kutumia chupa tupu za shampuu, walichapisha mwaka 2015 jaribio la watoto 225 wenye nimonia kali na upungufu wa oksijeni. Miongoni mwa 79 waliowekwa kwenye mapovu walifariki 3. Miongoni mwa 67 waliopewa oksijeni ya kawaida walifariki 10. (Waliobaki walikuwa kwenye njia ya tatu, ya mtiririko mkubwa, nitakayoieleza baadaye.) Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa vifo upande wa oksijeni ya kawaida vilikuwa vingi mno. Yeyote anayesoma takwimu hizo hutamani kukusanya chupa zote za shampuu mtaani. Kisha mwaka 2019 yakaja matokeo ya Salima, hospitali ya wilaya nchini Malawi, ambako watoto 644 walio katika hatari kubwa, wenye utapiamlo mkali, wenye VVU au waliozaliwa na mama mwenye VVU, au wenye oksijeni ya chini sana, waligawanywa vivyo hivyo. Kwenye CPAP walifariki asilimia 17. Kwenye oksijeni ya kawaida walifariki asilimia 11.

Majaribio hayo mawili hayakuwa ya bronkiolitisi peke yake, na watoto wa Salima walikuwa wagonjwa wa namna nyingine kabisa, kwa hiyo kuyaweka kwenye mizani moja si haki. Lakini tofauti moja siwezi kuipita. Dhaka palikuwa na madaktari waliokuwepo mchana na usiku, na wauguzi waliozoea kazi hiyo. Salima chombo kiliendeshwa bila daktari wa kuwapitia watoto kila siku, kwa makusudi kabisa, maana watafiti walitaka kujua kitafanya nini katika hali halisi ya hospitali ya wilaya. Katikati ya hao wawili wapo Waghana: utafiti wa mwaka 2017 katika hospitali mbili, ambako wauguzi wa kawaida walifundishwa kuanzisha CPAP, haukuonyesha faida kwa watoto wote kwa ujumla, ila kwa walio chini ya mwaka mmoja vifo vilikuwa asilimia 3 palipokuwa na CPAP na asilimia 7 pasipokuwa nayo. Mimi nasoma hivi: chombo hiki humfaa zaidi mtoto mdogo mwenye kifua kilichobana na mwili ambao bado una akiba, na humfaa tu pale ambapo yupo mtu wa kumtazama. Hospitali inayonunua mashine kumi bila kuongeza muuguzi hata mmoja kwa zamu ya usiku imenunua kitu kingine, si tiba niliyoieleza.

Nchi zenye uwezo siku hizi zimehamia kwa kiasi kikubwa kwenye njia ya mtiririko mkubwa, ambapo hewa yenye joto na unyevu hupelekwa puani kwa kasi, mara nyingi lita 2 kwa dakika kwa kila kilo ya mtoto, kwa vimirija laini ambavyo mtoto huvivumilia kwa urahisi. Jaribio la Australia na New Zealand la mwaka 2018, lenye watoto 1,472 wa bronkiolitisi, lilionyesha kwamba tiba ilishindikana kwa asilimia 12 ya walioanza na mtiririko mkubwa, na kwa asilimia 23 ya walioanza na oksijeni ya kawaida. Ila siku za kulazwa hazikupungua, na wengi wa wale walioshindikana kwa oksijeni ya kawaida waliokolewa baadaye kwa mtiririko huohuo. Wafaransa nao, mwaka 2017, waliilinganisha na CPAP kwa watoto chini ya miezi sita, na CPAP ikashindikana mara chache zaidi, asilimia 31 dhidi ya 51. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Uganda na Kenya zilishiriki jaribio kubwa la aina hiyo, na lilisimamishwa kabla ya kufikisha idadi iliyopangwa bila kutoa jibu la mkato.

Sina ugomvi na mtiririko mkubwa, nina ugomvi na hesabu yake. Mtoto wangu wa kilo 5 angehitaji lita 10 kwa dakika. Hata sehemu yake ikiwa hewa ya kawaida, mashine yetu ya kuzalisha oksijeni hutoa lita 5 kwa jumla, na lita hizo usiku ule walikuwa wanagawana watoto watatu. Umeme ukikatika, inabidi kuufungua mtungi, na mtungi una mwisho. Kwa upande mwingine siwashauri wasomaji waanze kutengeneza vyombo vya chupa kiholela: oksijeni tupu isiyochanganywa na hewa huharibu macho ya watoto njiti, hewa kavu huchubua pua, na nimeona ukuta wa katikati ya pua ukioza kwa sababu vimirija vilibanwa siku mbili bila mtu kuvilegeza.

Kuna habari nyingine njema ambayo haitokei wodini. Ipo chanjo ya RSV anayochomwa mama mjamzito kuanzia wiki ya 28, ili kinga ivuke hadi kwa mtoto kabla hajazaliwa, na Shirika la Afya Duniani liliithibitisha mwezi Machi 2025. Ipo pia sindano ya kingamwili anayochomwa mtoto mwenyewe, mara moja kwa msimu. Watoto wa Ulaya na Marekani tayari wanazipata. Mama yule hakuwahi kuzisikia, na nisingeweza kumlaumu, maana katika kliniki aliyohudhuria hazikuwepo.

Tulimkalisha mtoto kwenye chupa kwa siku mbili na nusu. Kila saa tatu nililegeza vimirija na kuitazama pua, nikamwaga maji ya mvuke yaliyokusanyika kwenye mpira, nikapima kina kwa ile plasta. Siku ya tatu asubuhi tulipunguza hadi sentimita 4, na mchana tukaviondoa vimirija tukiwa tumesimama wote kando ya kitanda. Pumzi 48. Kipimo 94, bila oksijeni. Mama akampa titi, naye akalishika na kunyonya bila kuliachia mpaka akasinzia.

Nilipokuwa namwaga maji ya chupa kwenye sinki, bibi alinifuata na kusimama nyuma yangu. Akaniuliza ile dawa iliyokuwa ndani inaitwaje, ili amwambie jirani yake, ambaye naye ana mjukuu anayekohoa.

"Yalikuwa maji tu, bibi."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejua kwamba anafichwa jambo na mwanawe mwenyewe, kisha akajitanda kanga yake na kurudi kitandani.